Gurudumu la Tatu na Bei Yake

Baiskeli kuukuu ya Phoenix au Hero iliyoegemezwa ukutani, hata kama rimu zake zimeliwa na kutu, bado ina vitu ambavyo fundi wa mtaani hawezi kuvitengeneza kirahisi kutoka kwenye chuma kitupu: kichwa cha fremu na gololi zake, uma wa mbele, bomba la kranki lililonyooka sawasawa, gia ya mbele na cheni. Ndiyo maana watu huitazama na kuanza kupiga hesabu. Kata sehemu ya nyuma, chomelea ekseli ndefu, funga magurudumu mawili, weka bodi ya mbao juu yake, na mzigo unaondoka. Guta la Kariakoo, linalojipenyeza katikati ya watu na magunia yake, marobota ya mitumba au friji iliyofungwa kamba, ni mtoto wa wazo hilohilo.

Wazo lenyewe halina kasoro. Kasoro huja pale mtengenezaji anapodhani kwamba bado ana baiskeli, ila sasa haianguki. Baada ya muda ekseli inapinda, spoki zinakatika moja baada ya nyingine, au chombo kinapinduka kwenye kona ambayo baiskeli ingeipita bila mtu kukumbuka. Lawama anatupiwa aliyechomelea, na mara nyingi anaonewa. Gurudumu la tatu linakupa utulivu wa kusimama, na malipo yake yanachukuliwa kwenye utulivu wa kukata kona. Karibu kila swali linalomkabili mtu anayegeuza baiskeli, kuanzia upana wa ekseli hadi mahali pa kufunga breki, linatokana na mapatano hayo.

Baiskeli ya magurudumu mawili hukata kona kwa kulala. Mwendeshaji hata hafikirii. Mwili unainama upande wa kona, na uzito wote unaendelea kushuka katika mstari mmoja kutoka kwenye tandiko hadi pale tairi inapogusa lami. Kwa hiyo rimu, spoki na ekseli za baiskeli karibu hazijui kabisa msukumo wa ubavuni. Zimezoea kubebeshwa, hazijazoea kusukumwa. Ukishafunga magurudumu mawili kwenye ekseli moja, chombo hakilali tena. Kinaingia kwenye kona kikiwa wima, na nguvu inayokitupa nje inapokelewa na matairi ubavuni.

Tufanye hesabu kwa guta dogo. Upana kati ya magurudumu ya nyuma ni sentimita 80. Kutoka gurudumu la mbele hadi ekseli ya nyuma ni sentimita 120. Mwendeshaji amekaa juu ya tandiko la zamani, na kitovu cha uzito wa jumla kiko sentimita 90 kutoka ardhini na sentimita 40 mbele ya ekseli. Mtu angesema chombo hiki kina sentimita 40 za usalama kila upande. Hakina. Kama kigoda cha miguu mitatu, kinapinduka pale uzito unapovuka mstari unaounganisha miguu miwili, na mstari unaotoka gurudumu la nyuma kwenda la mbele unapita karibu sana na mwendeshaji, takriban sentimita 25 tu. Gawanya 25 kwa 90: nguvu ya ubavuni ikifika kama asilimia 28 ya uzito, gurudumu la ndani linanyanyuka. Kwenye kona ya mtaani yenye nusu kipenyo cha mita 5, hali hiyo inafikiwa kwa mwendo wa kilomita 13 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli huku akizungumza na mwenzake.

Kuna njia tatu za kujiongezea nafasi. Ya kwanza ni kupanua. Ukiongeza sentimita 20 kwenye ekseli, mwendo wa kupinduka unapanda hadi karibu kilomita 15 kwa saa, lakini sasa chombo kina upana wa zaidi ya mita moja na vichochoro vya Manzese au Tandale vimekufungia. Ya pili ni kushusha. Ukikishusha kitovu cha uzito kwa sentimita hizohizo 20, unapata faida ileile na unaendelea kupita getini. Ya tatu ni kusogeza mzigo nyuma, karibu na ekseli, pale pembetatu ilipo pana. Ukishusha hadi sentimita 60 na kusogeza hadi sentimita 20 mbele ya ekseli, unafika kilomita 18 kwa saa. Mafundi wengi ninaowaona hupanua kwanza, kwa sababu upana unaonekana kwa macho na unampa mteja imani. Mimi ningeanza kwa kushusha: bodi ikae chini ya usawa wa ekseli ikiwezekana, na tandiko lishuke kadiri miguu itakavyoruhusu.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wanaojaribu kwa mara ya kwanza. Anayeteseka zaidi ni yule anayeijua baiskeli vizuri. Mwili wake umezoea kuanza kona kwa kuinama, usukani ukifuata wenyewe. Kwenye magurudumu matatu kuinama hakugeuzi kitu. Chombo kinakwenda kule usukani unakoelekea, basi. Anainama, chombo kinaendelea mbele, na mtaro uko palepale. Mtoto ambaye hajawahi kupanda baiskeli humshinda siku ya kwanza. Tena barabara zetu nyingi zimeinama kuelekea pembeni ili maji yatiririke, na chombo kisicholala kinainama pamoja na barabara, kikivutwa upande wa mtaro safari nzima.

Sasa, ni nani anahitaji jambo hili? Si kila mwenye mzigo. Wauza mkaa wanaoingia mijini na magunia mawili au matatu juu ya keria ya baiskeli moja wanajua wanachofanya. Njia za vijijini ni nyembamba, baiskeli inahitaji mstari mmoja tu wa ardhi nzuri, na panapokuwa pabaya mtu anashuka na kusukuma. Chombo cha magurudumu matatu kinahitaji mistari mitatu: shimo lililokwepwa na gurudumu la mbele linasubiriwa na la kushoto. Kule Goma, mashariki mwa Kongo, chukudu ya mbao imebeba mizigo ya mji mzima kwa miongo mingi ikiwa na magurudumu mawili tu, na mji ukaisimamishia sanamu. Asiyepata faida yoyote kutokana na kusimama wima asijisumbue na gurudumu la tatu.

Anayefaidika ni yule anayesimama mara kwa mara. Muuza aiskrimu, muuza juisi ya miwa mwenye mashine yake, mpeleka maji anayeshusha dumu nyumba kwa nyumba, mkusanya chupa na vyuma chakavu: hawa wanasimama mara nyingi kwa siku, na kila kusimama na baiskeli yenye kilo 100 ni mapambano. Anafaidika pia mwenye mzigo mpana usiokubali kufungwa kwenye keria. Na anafaidika mtu ambaye mwili wake haumruhusu kuhimili baiskeli, iwe kwa umri, kwa ugonjwa wa mizani ya mwili au kwa ulemavu wa miguu. Kwa huyo wa mwisho gurudumu la tatu si la biashara, ni mguu, na nitarudi kwake.

Mpangilio wa magurudumu unatokana na mahitaji hayo. Mawili nyuma ndiyo njia rahisi kwa anayeanza na baiskeli kuukuu, kwa sababu sehemu ya mbele yote inabaki kama ilivyotoka kiwandani. Mawili mbele na sanduku kati yake humfaa muuzaji, kwani bidhaa iko machoni pake na machoni pa mteja. Hapo nyuma ya baiskeli, pamoja na cheni na breki yake, haiguswi hata kidogo, na hiyo ni akiba kubwa. Shida inahamia kwenye usukani: ama sanduku zima linageuka pamoja na magurudumu, jambo rahisi kujenga na zito kuendesha, ama kila gurudumu linageuka lenyewe kwa vijiti vya kuunganisha, jambo linalotaka vipimo ambavyo karakana nyingi hazina subira navyo. Njia ya tatu haipendwi kwetu, nami sielewi kwa nini: kuiacha baiskeli nzima na kuifungia gurudumu moja ubavuni. Myanmar na Ufilipino hubeba abiria hivyo, na huko Malaysia beca ya Melaka ina abiria ubavuni wakati ile ya Penang inamweka mbele ya dereva. Ukilifungua gurudumu hilo kwa bolti nne, baiskeli yako unayo.

Bangladesh na India walichagua mawili nyuma, na riksho za Dhaka ndizo shule kubwa kuliko zote ya ufundi huu. UNESCO iliziingiza pamoja na michoro yake katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2023. Jakarta ilikwenda njia nyingine. Katika miaka ya 1980 serikali ya mji ilikamata becak, riksho za huko, kwa maelfu na nyingi zikatupwa baharini. Fundi wa Kariakoo hana haja ya kuyajua hayo, ila ofisa anayeandika sheria ndogo za jiji angefaidika kuyasoma.

Turudi kwenye chuma. Sehemu inayostahili fedha nyingi kuliko nyingine zote ni ekseli na magurudumu ya nyuma, na ndiyo hasa inayotengenezwa kwa mabaki. Ekseli ya nyuma ya baiskeli ya kizamani ina unene wa kama milimita 10. Inatosha, kwa sababu fremu inaishika pande zote mbili na mzigo unashuka katikati. Ukilifunga gurudumu hilohilo likaning'inia kwa upande mmoja tu, ekseli inageuka kuwa mkono ulionyooshwa. Nguvu ya ubavuni ya kilo 30 kwenye kona inapita chini kabisa ya tairi, sentimita 33 kutoka ekseli, na inaifanya tairi kuwa mtarimbo wa kupindia. Hesabu ya haraka inaonyesha kwamba ekseli ya milimita 10 inapata msongo wa karibu mara nne ya ule ambao chuma cha kawaida kinaweza kuvumilia bila kupinda moja kwa moja. Kwa kuwa uimara dhidi ya kupinda unakua kwa mchemraba wa kipenyo, ekseli ya milimita 20 ina nguvu mara nane, na tatizo linakwisha. Tofauti ya bei kati ya vyuma hivyo viwili ni ndogo kuliko nauli ya kurudi dukani.

Anayeshindwa kupata ekseli nene na beringi zake ana njia nyingine iliyo sahihi: kulishika kila gurudumu pande zote mbili, kwa kujenga fremu ya nje inayolizunguka. Chombo kinakuwa kizito na kipana zaidi, lakini habu za baiskeli zinabaki katika kazi zilizotengenezewa.

Spoki nazo zina habari yao. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya kizamani yenye rimu ya inchi 28 mara nyingi lina spoki 40, na kwa mzigo wa wima ni imara ajabu. Kwa mzigo wa ubavuni, gurudumu likiwa kubwa ndivyo mtarimbo ulivyo mrefu na ndivyo spoki zinavyosimama wima zaidi, zisiweze kuzuia rimu isilegee upande. Magurudumu ya inchi 20 yanashinda hapa bila ubishi, na yanashusha bodi pia. Lakini gurudumu dogo linazama kwenye shimo ambalo kubwa linapita juu yake. Kwa barabara ya vumbi ningekubali inchi 24 au 26. Kwa mtu wa lami na sakafu ya soko, inchi 20. Wapo wanaofunga magurudumu ya pikipiki kwa sababu spoki zake ni nene, na wanapata uimara kwa kulipia uzito kila wanapokanyaga pedali.

Halafu magurudumu mawili yawe sambamba. Jambo hili linadharauliwa kwa sababu kosa lake halionekani kwa macho. Magurudumu mawili yakipishana mwelekeo kwa digrii moja tu, tairi inaburuzwa ubavuni mita 17 katika kila kilomita. Mwenye guta anadhani matairi ya siku hizi hayana ubora. Uzi uliofungwa kutoka tairi moja hadi nyingine, mbele na nyuma ya ekseli, unamaliza ubishi kabla ya fito ya kwanza ya kuchomelea.

Cheni ikishafika kwenye ekseli, linaibuka swali ambalo kila mgeuzaji hukutana nalo: itazungusha gurudumu lipi? Katika kona ya robo duara, gurudumu la nje la guta letu linasafiri mita 1.26 zaidi ya la ndani. Yote mawili yakikazwa kwenye ekseli moja, lazima mojawapo liteleze, na kwenye lami kavu halitelezi kwa hiari. Chombo kinakataa kona na kunyoosha mbele. Waingereza wa karne ya 19 walikutana na hili kabla ya motokaa. James Starley wa Coventry alipata hataza ya difu, gia inayoyaacha magurudumu mawili yazunguke kwa mwendo tofauti, kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu mwaka 1877, na ile difu iliyo chini ya kila daladala leo ni ya ukoo huo. Mwaka 1881 Malkia Victoria aliagiza mbili za Starley, na kwa muda fulani matajiri wa Uingereza walipendelea magurudumu matatu kuliko mawili, mpaka baiskeli ya usalama ya Rover, kazi ya John Kemp Starley, mpwa wa James, ilipotokea mwaka 1885 na kuwashusha.

Mtaani difu haihitajiki. Riksho za Dhaka zinazungusha gurudumu moja tu, lingine linazunguka huru juu ya ekseli, na mamilioni ya safari yamepita hivyo. Chombo kinavutwa kidogo upande mmoja unapokanyaga kwa nguvu, na gurudumu lenye kazi likiingia kwenye mchanga unabaki palepale, lakini kuna kitu kimoja tu cha kuharibika. Wapo wanaofunga friwili kila upande ili yote mawili yasukume katika njia iliyonyooka na lile la ndani lisukume kwenye kona. Ni ufundi mzuri, ila friwili ya kushoto ikifungwa kwa kugeuzwa inashika kinyumenyume, na hapo ndipo siku nzima inapopotelea.

Uchaguzi huo wa cheni unaamua breki, na watu wengi hugundua wakiwa mteremkoni. Baiskeli ilipokatwa nyuma, breki ya nyuma ilikwenda na kipande kilichotupwa. Imebaki ya mbele. Katika guta letu lililorekebishwa, lenye kitovu cha uzito sentimita 20 mbele ya ekseli, gurudumu la mbele linabeba moja ya sita ya uzito: kati ya kilo 200, kilo 33 tu. Kwenye mteremko wa asilimia 10, kukizuia chombo kisishuke kunataka nguvu ya kilo 20. Kwenye lami breki ya mbele itajitahidi. Kwenye changarawe gurudumu litafungwa na kuburuzwa, na likishaburuzwa halifuati usukani. Marekebisho yaliyotuokoa kwenye kona ndiyo yanayotunyima breki kwenye mteremko.

Dawa ni kuweka breki nyuma, kulipo na uzito. Breki ya mkanda inayobana ngoma kwenye ekseli ni rahisi kujenga. Lakini ikiwa gurudumu moja limekazwa na lingine liko huru, breki ya ekseli inasimamisha moja tu na chombo kinageuka upande. Ikiwa umefunga friwili mbili, breki ya ekseli haisimamishi chochote: ekseli inasimama, magurudumu yanaendelea na safari. Breki ishike magurudumu yenyewe, yote mawili, kwa mkono mmoja wa kuvuta wenye kijiti cha kusawazisha katikati. Nimeona vyombo vilivyopakwa rangi vizuri, vyenye maandishi ya dua na jina la klabu ya mpira, ambavyo breki yake ni kandambili ya dereva. Kama fedha zinatosha jambo moja tu kati ya breki na bodi nzuri, bodi isubiri.

Gia ya zamani nayo haifai kama ilivyo. Meno 44 mbele na 18 nyuma kwa rimu ya inchi 28 yanakupeleka zaidi ya mita 5 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Kilo 200 kwenye mlima wa asilimia 4 zinataka nguvu ya kama kilo 10 ya kusukuma, na binadamu wa kawaida anayefanya kazi kutwa ana wati 75 hadi 100 za kutoa. Ukigawanya, anaweza kupanda mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtembea kwa miguu mchovu. Kwa gia hiyo, mita moja kwa sekunde ni mizunguko 11 ya pedali kwa dakika, na hakuna goti linalokubali. Ndiyo sababu dereva wa guta hushuka na kusukuma kila anapoona mwinuko. Miguu ardhini ndiyo gia ndogo aliyo nayo. Gia kubwa zaidi nyuma, ya meno 22 au zaidi, ingempunguzia mzigo kidogo; ekseli ya kati yenye cheni mbili ndiyo ingemrudisha kwenye tandiko.

Miaka ya 1970 mhandisi Stuart Wilson wa Chuo Kikuu cha Oxford alibuni chombo cha magurudumu matatu kwa ajili ya nchi maskini, Oxtrike, na karibu yote niliyoyasema hapa aliyashughulikia: magurudumu ya inchi 20, bodi ya chini, gia tatu, breki za nyuma. Hakikuvishinda vilivyokuwapo barabarani. Nadhani sababu ni kwamba kilitoka kwenye meza ya michoro kikitaka vipuri vyake, wakati riksho na guta hutoka kwenye kile kilichopo dukani na kwenye skrepa. Kwa hiyo ushauri wowote unaompeleka fundi mbali na duka la jirani, hata uwe sahihi kiasi gani, utaishia kwenye karatasi. Ekseli ya milimita 20 ipo kila mji. Gia ya meno 22 ipo. Difu ya baiskeli haipo.

Kuhusu uchomeleaji sina mengi. Mabomba ya baiskeli ni membamba, yameungwa kwa shaba ndani ya viungo vyake, na umeme wa kuchomelea ukiwa mkali unayatoboa au kuyafanya yakatike pembeni mwa mshono miezi kadhaa baadaye. Gesi na shaba ni bora kwa kuunga kwenye fremu ya zamani. Umeme uachiwe bodi na engo za nyuma. Na anayetumia bomba la maji la mabati aikwangue zinki kwanza na afanye kazi nje, kwa kuwa moshi wake unaleta homa usiku uleule.

Nilisema nitarudi kwa yule ambaye gurudumu la tatu ni mguu wake. Historia ya chombo hiki inaanza naye. Mnamo 1655 Stephan Farffler, mtengeneza saa wa Nuremberg ambaye miguu yake haikufanya kazi, alijijengea gari la magurudumu matatu lenye mkono wa kuzungusha. Leo katika mpaka wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, na kule Goma wanakovuka kwenda Gisenyi, watu wenye ulemavu wamezigeuza baiskeli za mikono kuwa vyombo vya mizigo na biashara ya mpakani ikawa ajira yao. Wanamuziki wa Staff Benda Bilili wa Kinshasa, ambao filamu juu yao ilionyeshwa Cannes mwaka 2010, walionekana kote duniani wakiwa juu ya vyombo walivyojitengenezea.

Kwa kazi hii kranki ya baiskeli kuukuu inapandishwa hadi usawa wa kifua, na cheni inashuka kwenye gurudumu la mbele pamoja na usukani, au inarudi nyuma kwenye gurudumu moja. Kiti kiko chini, kwa hiyo hesabu ya kupinduka ni nzuri kuliko ya guta. Hatari iko kwingine. Mtu asiyeweza kukaza kiuno anamwagika kitini kwenye kona kabla chombo chenyewe hakijafikiria kupinduka. Anahitaji egemeo la mbavu na mkanda. Asiyehisi makalio yake, akikaa kutwa juu ya ubao, anapata vidonda vya mgandamizo, na vidonda hivyo huua. Mikono haina nguvu ya miguu, kwa hiyo gia iwe karibu moja kwa moja, meno ya juu yakilingana na ya chini. Friwili pia ina gharama yake hapa: ukiwa nayo huwezi kurudi nyuma, na mtu asiyeweza kushuka akifika mwisho wa kichochoro hutegemea wapita njia.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 kuhusu viti vya magurudumu unasisitiza kupima mtu kwanza, na vituo kama TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, vimefundisha mafundi kwa msingi huo. Karakana ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya, imetengeneza vyombo vya aina hii kwa miaka mingi. Fundi wa mtaani anaweza kufanya kazi nzuri ya chuma, ila kwa mteja huyu ningemshauri aende na vipimo kutoka kwa mtaalamu wa viungo, hata kama ni upana wa nyonga, urefu wa paja na mahali pa egemeo tu.

Limebaki la mota. Mota ya umeme ya kufunga kwenye habu ya gurudumu la mbele, pamoja na betri, inazidi kupatikana, na maguta mengi yameshapigwa kumbo na pikipiki za magurudumu matatu zenye injini. Kishawishi cha kuifunga kwenye baiskeli iliyogeuzwa ni kikubwa, na kwa mlima ule wa asilimia 4 ingekuwa neema, kwa sababu wati 250 zinazidi mara mbili na nusu uwezo wa dereva. Kwenye mteremko na njia tambarare, hata hivyo, mota hiyohiyo inakifikisha kilomita 25 kwa saa chombo ambacho kwenye kona ya mita 5 kinapinduka kikiwa kwenye 13. Nguvu inayokitupa nje inakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo mwendo ukiongezeka maradufu nguvu inakuwa mara nne. Tena mota imeongeza kazi kwenye gurudumu la mbele, lile lenye uzito mdogo kuliko yote, kwa hiyo kwenye mlima wa changarawe litazungukia palepale. Anayetaka mota aiweke baada ya bodi kushushwa na breki za nyuma kukamilika, aifunge kwenye ekseli ya nyuma kwa cheni, na auwekee mwendo wake kikomo cha kilomita 12 kwa saa. Viakisi mwanga navyo viwe kwenye kona zote mbili za nyuma, kwa maana taa moja ya katikati usiku inamwambia dereva wa lori kwamba mbele yake kuna baiskeli yenye upana wa sentimita 50.